Hotpoti Iliyorudi Tupu

Mimi si mtu wa kulia matangani. Naenda, nakaa, nakula nilichopewa, nasaidia kuosha sufuria, narudi zangu Isebania. Lakini Jumamosi ile tulipomzika Daktari Ouma, nje kidogo ya Oyugis, nilijikuta nimeinamisha kichwa mpaka mama mmoja aliyekaa kando yangu akanipa kitambaa. Hakuwa marehemu aliyeniliza. Alikuwa mjane wake, Beryl, aliposimama kumsifu. Alisema yale ambayo wajane wote husema, kisha akasema, "Na mjue, mama yangu alipokuwa mgonjwa wa kufa, hakuna aliyeweza kumlisha. Uji alikataa, supu alikataa. Mume wangu akampikia samaki kwa mkono wake mwenyewe, mama akamla, akamaliza. Hotpoti ilirudi tupu." Hema zima likapiga makofi. Wazee wakatikisa vichwa, maana mwanamume kumpikia mama mkwe wake si jambo la kila siku huku. Mimi nikatazama viatu vyangu. Miaka zaidi ya ishirini imepita na ladha ya samaki yule bado ninayo mdomoni.

Mwaka ule nilikuwa msichana, sijaolewa, nimetoka kwetu Ukuria kutafuta kazi, na Mama Pilista akanichukua kwenye hoteli yake karibu na soko la Oyugis. Hoteli ni neno kubwa. Yalikuwa mabati, meza za mbao, mabenchi, na ukuta uliopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno ili uchafu wa migongo ya wateja usionekane. Jiko lilikuwa nyuma, na nyuma ya jiko kulikuwa na chumba tulicholala mimi na yeye, pamoja na magunia ya unga, mitungi ya maji na ndoo ya mafuta ya kupikia. Kitanda chake kilikuwa na pazia, changu kilikuwa godoro lililosimamishwa ukutani mchana. Yeye lugha yake Dholuo, mimi Kikuria, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, yeye na chake cha sokoni, mimi na changu cha mpakani. Aliniita nyathina, mwanangu, tangu siku ya kwanza nilipounguza dengu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na akicheka lazima ashike meza. Mume alikuwa amekufa zamani. Mtoto alikuwa mmoja tu, Beryl, mwalimu wa shule ya msingi huko Migori, aliyeolewa na daktari.

Habari ya kwamba huyo daktari amehamishiwa kituo cha afya cha pale pale kwetu ilimfanya Mama Pilista agawe chai ya bure asubuhi nzima. "Mkwe wangu analetwa hapa! Yawa, Nyasaye ni mkubwa!" Kila aliyeingia aliambiwa, hata wale waliokuja kuuliza njia. Mimi nikafikiri basi tutamwona hotelini kila siku. Sikujua kitu. Kwa Waluo, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali mbele ya mwenzake. Kwetu pia mkwe huheshimiwa, lakini sikuwa nimewahi kuona heshima kama ile. Daktari Ouma akipita barabarani, mama yule mwenye mwili wote ule alikuwa anachepuka jikoni upesi kama msichana, leso mdomoni, mpaka nimwambie ameshapita. Na yeye Daktari, akikaribia hoteli, alivuka upande wa pili na kutazama mbele kama askari kwenye gwaride.

Lakini mwanamume alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba ya wafanyakazi, mke yuko Migori, wanaonana mwisho wa juma. "Afe njaa na mimi niko hai?" Mama Pilista akasema. Akanunua hotpoti ya buluu yenye maua, kubwa, ya kukaa na joto. Kila mchana alipakua mwenyewe, si kazi yangu hiyo: samaki ngege mzima aliyekaangwa kisha akapikwa na nyanya, au kuku, ugali wao, kuon, chini, mboga juu yake. Mimi ndiye niliyebeba. Daktari aliipokea kwa mikono miwili na kuniambia, "Mwambie mama, erokamano, asante sana." Jioni niliifuata ikiwa imeoshwa. Mama Pilista aliifungua kila mara na kutazama ndani, ingawa palikuwa hamna kitu. "Amekula yote?" "Amekula yote, mama." Basi hapo ndipo aliketi naye akala. Nimeishi na watu wengi tangu wakati ule, na sijaona wawili waliopendana namna hiyo bila kusalimiana.

Ilipoingia mvua ndefu, Daktari alipelekwa kwenye mafunzo na akarudi na kazi mpya, kuwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Kituo kizima ni yeye tu aliyefundishwa. Muuguzi wa kike alikuwapo mmoja, lakini yeye alikuwa wa chanjo na waja wazito. Tangazo lilisomwa makanisani, likapigiwa kipaza sauti sokoni, na mazungumzo yote yakahamia kwenye mabenchi yetu. Nilisikia mengi huku nikifuta meza. Mwuza dagaa wa omena mmoja alisema wanakutoa kizazi wanaweka kwenye chupa. "Nani amekuambia?" "Watu wanasema." Mwingine akasema, "Mimi bwana yangu amesema mwanaume mwingine akiniangalia huko, nisirudi kwake." Na mama mmoja mzee, aliyekuwa akichovya andazi kimya, akasema, "Na ukiambiwa unayo, utafanya nini? Afadhali kukaa bila kujua." Hilo ndilo lililokuwa mioyoni mwa wote.

Aliyelivunja lile jambo alikuwa Mama Zainabu, mwuza nguo wa duka la pili kutoka letu, Mwislamu aliyekuja na mumewe kufanya biashara miaka mingi nyuma. "Nyinyi nanyi mna maneno! Mimi nimekwenda jana. Pazia lipo, shuka lipo. Amenipaka siki, ile ile ya kachumbari, akatazama na tochi, akaniambia niko salama. Nikavaa, nikatoka. Mume wangu ananiuliza, umefanywaje? Nikamwambia, nimefanywa kachumbari!" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama Pilista alikuwa mlangoni mwa jiko na unga mikononi, anang'aa kwa fahari. "Si mmesikia? Nendeni! Kijana wangu ana mkono safi." Na kweli, toka siku hiyo yeye ndiye aliyewapeleka wanawake kuliko kipaza sauti. Aliyesitasita alimpa chai, akamtisha, akamtania, akamsindikiza mpaka barabarani. "Na wewe, Min Beryl, umeenda?" mwuza omena akamuuliza siku moja. "Mimi?" Akashika meza. "Mimi niende kumvulia mkwe wangu nguo? Unataka dunia ipasuke?" Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, hapakuwa na mtu pale aliyeona kitu kingine ndani yake.

Baadaye akaanza kulalamika mgongo. Nilimwona akijinyoosha kwenye mlango wa jiko, mkono kiunoni, na nikamwambia Daktari nilipompelekea chakula. Jioni hotpoti ilirudi na vidonge vya maumivu vimefungwa kwenye karatasi. Alivimeza, akashukuru, akasema vimemsaidia. Vilipokwisha nikatumwa tena, na tena vikaja. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba, chakula kinakwenda, dawa inarudi. Siku moja Daktari alinizuia mlangoni. "Boke, muulize mama vizuri. Ni mgongo tu? Hakuna kitu kingine?" Nikamfikishia maneno kama yalivyo. Mama Pilista alikuwa anasonga kuon. Alisimamisha mwiko, akautazama ule moshi, akasema, "Mwambie ni mgongo tu. Ni hizi sufuria." Nikarudisha jibu. Daktari akaitikia kwa kichwa, nauona uso wake hata leo. Angemuuliza nini tena? Kwa kinywa cha msichana wa watu? Hata lile swali alilouliza lilikuwa limefika mwisho wa adabu.

Mama Zainabu ndiye aliyejua, na alijua kwa sababu ya leso. Alikuja mchana mmoja wateja wamepungua, akampita kila mtu, akaingia moja kwa moja chumbani kwetu alikokuwa Mama Pilista amejilaza. Mimi nilikuwa napepeta mchele nje ya dirisha. "Pilista, mbona kwangu unanunua leso nyeusi peke yake? Na mbona sizioni kwenye kamba? Na hii harufu ya udi unaochoma humu ndani, unaficha nini?" Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, Mama Pilista akiongea kwa sauti ndogo. "Imerudi," akasema. "Ile ya mwezi. Ilikuwa imeisha miaka mingi, sasa imerudi na haitaki kwenda." Mama Zainabu akasema, "Subhanallah," akaketi, nikasikia kitanda kikilia.

Yaliyofuata niliyasikia yote, na nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. "Nenda ukapimwe leo." "Nipimwe na nani? Hii maneno siwezi hata kuambia Beryl. Nikimwambia Beryl nimeambia bwana yake." "Basi nenda Homa Bay. Nenda Migori, hakuna anayekujua." "Eh! Na watu waseme nini? Mimi ndiye ninawasukuma wanawake wote waende kwa mkwe wangu, halafu mimi mwenyewe nipande gari niende kwa daktari mwingine? Watasema kuna kitu kimemshinda, ama tumekosana, ama mkono wake si mzuri. Nitamharibia kazi. Nitamharibia Beryl nyumba." "Kwa hiyo ufe?" "Itaisha tu. Iliisha ile ya kwanza, si hata hii itaisha." Mama Zainabu alikasirika akatoka, akanikuta na ungo mkononi, machozi yananitoka. Hakunigombeza. Akaniambia nimshawishi, na mimi nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu, nikaambiwa nisiingize mdomo kwenye mambo ya wakubwa na nikaapishwa nisimwambie Daktari neno. Mama Zainabu naye akaapishwa.

Kuna watu leo, vijana waliosoma, wakisikia hadithi hii huuliza, kwani alikuwa mjinga? Nakasirika. Hakuwa mjinga. Alijua ugonjwa ule kuliko wengi, maana aliusikia ukielezwa mezani kwake kila siku. Alikuwa na heshima, na heshima yake ilikuwa imejengwa ukuta pale pale mlango ulipokuwa. Ukuta wa kwanza ni kwamba hawezi kwenda kwa mkwe. Wa pili, hawezi kumpita mkwe aende kwingine. Laiti yule muuguzi wa chanjo angefundishwa ile kazi ya siki, Mama Pilista angekwenda asubuhi akarudi kuwahi chapati za saa nne. Nasema hivyo hata sasa, na hakuna wa kunitoa kwenye neno hilo.

Alianguka jikoni msimu wa baridi, mwiko mkononi. Mama Zainabu alitafuta gari na tukampeleka Migori moja kwa moja, tukipita barabara ya kituo cha afya bila kusimama, kwa sababu hata katika hali ile alikuwa anasema, "Msisimame hapo. Msisimame." Hospitalini alipimwa na mwanamke, binti mdogo kuliko Beryl, mpole, akatoka ananawa mikono kwa muda mrefu sana. Akamwita kando Beryl, aliyekuwa amekuja mbio kutoka shuleni kwake. Sikuhitaji kusikia. Beryl alirudi, akaniuliza, "Wewe unalala naye chumba kimoja. Ulijua?" Nikamwambia nilijua. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia. Nilidhani atanipiga. Alikaa chini sakafuni na nguo zake za kazi, akaanza kulia kama mtoto, "Lakini mume wangu ndiye anapima! Mume wangu ndiye anapima!"

Daktari alikuja kesho yake. Wodi ilikuwa na mlango mpana usiofungwa, na kitanda cha Mama Pilista kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni. Wauguzi walimfahamu, wakamwambia, karibu daktari, pita. Hakupita. Alisimama nje kwenye ukumbi, bega ukutani, mahali ambapo hangeweza kuonekana, na kule ndani Mama Pilista akajifunika shuka mpaka usoni kwa sababu alikuwa amesikia sauti yake. Hatua chache tu kati yao. Alikaa pale mchana wote. Nilipotoka kutafuta maji akaniambia, bila kunitazama, "Nimempa dawa za mgongo, Boke. Mimi. Kwa mkono wangu." Nilimletea kiti akakataa kukalia.

Siku zilizofuata mama hakula. Ndipo Daktari akaenda nyumbani kwa Beryl, akanunua ngege njiani, akawafukuza wote jikoni, na akapika. Alipika kama alivyopikiwa, na nyanya nyingi na kitunguu kilichoungua kidogo. Akaja na chakula kwenye ile ile hotpoti ya buluu, iliyokuwa imebaki kwake tangu siku mama alipoanguka, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mpelekee. Mwambie ni mimi nimepika." Nikaingia, nikafungua kifuniko, harufu ikajaa wodi, wagonjwa wengine wakageuka. Mama Pilista alimtazama yule samaki kwa muda. Alikuwa amekonda mpaka mashavu yamekuwa ya mtu mwingine. "Amepika yeye?" "Yeye." Akacheka, pumzi tu, hakuwa na meza ya kushika. Nikamvunjia kipande, akakiweka mdomoni, kikakataa, nikakipokea kwa kitambaa. Akafumba macho. Halafu akasema, "Kula wewe, nyathina." "Mama, siwezi." "Kula. Isirudi na chakula. Akiona nimemwachia chakula chake, atafikiri nimemkasirikia. Irudi tupu. Na usimwambie mtu."

Niliketi chini ya ngazi, kwenye vumbi na mafagio, nikala. Nilikula kuon yote, nikala samaki mzima, nikatafuna kichwa kwa sababu Daktari alijua mama hupenda kichwa. Kilikuwa chakula kitamu. Nikaisuuza hotpoti kwenye bomba la nje, nikamrudishia. Daktari Ouma aliifungua, akatazama ndani, vile vile alivyokuwa mama akitazama kila jioni. "Amekula yote?" "Amekula yote." Akaikumbatia ile hotpoti kifuani na akalia mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri pale ukumbini.

Mama Pilista alikufa kabla juma halijaisha. Mkwe hasogei kwenye jeneza la mama mkwe, kwa hiyo siku ya mazishi Daktari alikaa mbali, pamoja na wakwe wenzake, na nilimpelekea chakula huko huko. Aliporudi kazini alipigania mpaka yule muuguzi wa chanjo akafundishwa, kisha wengine wa kike, vituo vya huku na vya Migori. Na katika kila chumba alichokifungua, mwanamke aliulizwa kwanza, kabla ya jina, kama kuna mtu humu ambaye heshima hairuhusu ampime. Watu waliona ni swali la ajabu. Mimi sikuliona la ajabu. Nilifunga virago mwaka huo huo nikaenda mpakani, kwa sababu sikuweza kulala kwenye kile chumba.

Basi Jumamosi ile, watu walipopungua, Beryl aliniita ndani ya nyumba. Amezeeka, ana mwili wa mama yake sasa, lakini kicheko hana. Alinipakulia mwenyewe, kuon na ngege, na akaketi taratibu sana, mkono kiunoni. Nikamuuliza kama anaumwa. "Ni hizi siku za msiba, kusimama sana," akasema. "Mgongo tu." Tonge likanikauka mkononi. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa. Akatabasamu kidogo. "Nani atanipima, Boke? Wauguzi wote wa huku amewafundisha mume wangu. Wananiita mama. Nitapanda kitanda chao vipi?"

Nikaisogeza sahani. Nilikuwa nimeapa, na sijawahi kuvunja neno la Mama Pilista, hata aliponikanya jikoni kwake nilinyamaza. "Beryl," nikamwambia, "mama yako hakula samaki yule. Nilikula mimi, chini ya ngazi. Alinituma nile ili mume wako asiumie. Aliniambia pia nimwambie ni mgongo tu, nikamwambia."

Nje wanawake walikuwa wanagonganisha sufuria na mtu alikuwa anaangusha hema. Beryl aliitazama sahani yangu, samaki hajaguswa upande mmoja, akaitazama mpaka nikadhani hakunisikia. Nikashika mkono wake.

"Sasa niambie mimi," nikasema. "Mgongo tu?"

Aliinuka, akafunga mlango, akarudi akaketi.

"Hapana," akasema.